Ukuta Unaong'aa

3 Machi

Mdogo wangu Brashi,

Dereva wa lori la saruji amenipa habari zako huku akicheka mpaka akashika mlango. Eti simu yako imezama kwenye ndoo ya rangi nyeupe, ukaitoa, ukaiosha kwa mafuta ya taa, na bado ukawa unangoja iite. Haya, tuandikiane barua kama wazee. Dereva anapita hapa kila wiki. Nimemkabidhi hii na nimemwambia akiipoteza, suruali yake ninayomshonea haitoki kwangu.

Nakuandikia kwa ajili ya mpwa wako. Kasuku amebanwa na kifua mara tatu tangu mwaka uanze. Unamjua mtoto yule, jina lake hakulipata bure: anaongea akila, anaongea akioga, na usingizini bado anaongea. Mara hii ya tatu nilimkuta amekaa kitandani ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga filimbi, na hasemi neno. Kule kunyamaza ndiko kulikonimaliza nguvu.

Zahanati wametupa pampu ya kuvuta dawa. Tena kuna muuguzi mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, amempa kifaa cha kupuliza. Unajaza pumzi, unapuliza kwa nguvu zako zote, kishale kinapanda kwenye namba. Asubuhi anapuliza, jioni anapuliza, anaandika kwenye daftari. Muuguzi aliniambia dawa ameshatoa, lakini yeye hawezi kuja kukaa chumbani kwangu, kwa hiyo niende mwenyewe nikachunguze nyumba inamfanya nini huyu mtoto.

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Likizo Kasuku alikwenda na kifaa chake kwa Mama siku kumi. Kwa Mama kuna paka, kuku wanaingia mpaka jikoni, jiko ni la kuni, na vumbi ndilo zulia. Hakukohoa hata mara moja, namba ikapanda mpaka mia mbili na hamsini. Akarudi hapa, kwenye chumba ninachokifagia mara mbili kwa siku, na siku ya tatu tu namba ikawa mia mbili na kumi. Hebu niambie, mchafu ni nani, mimi au Mama? Na usimwambie Mama kwamba nimeuliza.

Wewe ndiye mtu wa nyumba. Chumba hiki ulinitafutia wewe shemeji yako alipotutoka, kwa hiyo nacho kinakuhusu. Niambie nianzie wapi, nami nitachunguza kimoja kimoja mpaka nikipate.

Kitambaa cha shati lako la mwaka huu nimeshaweka kando, bluu iliyokaribia kijivu. Nitakikata ukirudi, maana huenda kubeba ndoo kumekupanua mabega.

Ni mimi dada yako

*

11 Machi

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Barua imefika ina saruji mpaka kwenye mikunjo, nikaikung'uta kama shuka. Sisi huku hatujambo. Tuko mafundi wanane kwenye chumba kimoja, na mmoja wetu anakoroma kiasi kwamba msimamizi alidhani tumeacha mashine inawaka. Jengo lina ghorofa nne na mimi bado niko ya pili.

Habari ya Kasuku imeninyima raha. Mwambie mjomba wake anamtaka aongee mpaka majirani walalamike.

Umeniuliza uanzie wapi. Ningekuwa wewe ningeanza na barabara. Dirisha lako linatazama karakana ya magari. Moshi wa injini na vumbi vyote vinaingia kwako bila kupiga hodi, na kitanda cha mtoto kiko chini ya dirisha hilo hilo. Mtoe hapo. Dirisha lifunge, mtoto mpeleke upande mwingine wa chumba. Pili, angalia cherehani. Unakata vitambaa mle mle mnamolala, manyoya ya nyuzi yanaruka siku nzima, na mapafu ya mtoto si mfuko wa kuwekea pamba. Tatu, jiko la jirani kwenye korido, kama bado anawashia mkaa mlangoni kwako.

Kuta usizihangaikie. Kile chumba nilikipaka rangi kwa mikono yangu kabla hujahamia. Kuta hazina neno.

Lile shati usiharakishe. Mabega ni yale yale.

Mdogo wako, Brashi

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Nimefanya yote uliyoniambia, na mengine nimeongeza mwenyewe. Chumba kimepinduliwa kama mfuko wa suruali.

Nilianza na jirani wa jiko. Yule mama nilidhani atanichongea mdomo, lakini nilipomweleza habari ya mtoto alibeba jiko lake mwenyewe mpaka uani. Kisha nikamwita Mwalimu, jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, akanisaidia kuhamisha kitanda. Kumbe naye kitoto chake cha miezi minane kinakohoa. Dirisha nimelifunga na pembeni nimeziba kwa vitambaa. Kasuku sasa analala kule nyuma ya kabati, kichwa chake kwenye ule ukuta unaong'aa. Nimeuchagua kwa sababu ndio msafi kuliko zote. Kuta nyingine ukizifuta zinatoa unga, ule unafutika kama sahani. Nimekushukuru moyoni kwa kazi ile.

Kilichoniuma ni cherehani. Nimeipeleka barazani kwa kinyozi, maana yeye tu ndiye mwenye nafasi. Sasa mdogo wangu, ni mwanamke gani atakubali kupimwa kifua na kiuno mbele ya wanaume wanaongoja kunyolewa? Wiki nzima nimepata zipu mbili na pindo moja. Wateja wanapita wananisalimu kwa huruma. Kile kiwanda cha sare za shule wananiita nirudi, kutoka alfajiri mpaka giza. Nikienda huko, Kasuku akibanwa atakuwa na nani? Lakini kama ni nyuzi zangu ndizo zinazomkaba, nitairudishaje cherehani ndani?

Na hapa ndipo akili yangu inapogonga mwamba. Barabara nimeifungia nje. Moshi umehama, nyuzi zimehama. Namba ilitakiwa ipande. Jana asubuhi alipuliza mia moja na tisini, leo mia moja na themanini. Imekuwaje ishuke, tena upesi namna hii? Muuguzi naye amekuna kichwa. Kuna kitu humu ndani sijakiona, na kinanicheka.

Fikiria vizuri, wewe uliyekifanyia kazi chumba hiki kabla yangu. Hakuna ulichosahau kuniambia?

Kasuku naye ana barua yake. Ameigundisha kwa uji ili nisisome, nami nimejikaza sijaisoma.

Dada yako

*

19 Machi, saa ya kufanya hesabu za shule lakini nimeshamaliza

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo ila pumzi ndiyo mgonjwa. Hii ni siri yetu, usimwambie Mama, kwa sababu nimechukua sindano yake na nimetoboa nyumba ya watu.

Tangu nihamie nyuma ya kabati nina rafiki ukutani. Ni kipele. Rangi imevimba imekuwa kama puto dogo, ukikigusa kinabonyea halafu kinarudi. Ukuta wenyewe ni wa baridi hata mchana, nikipata joto naweka shavu. Muuguzi alisema niandike kila kitu ninachokiona, basi kwenye daftari nimechora mstari wa pili. Mstari wa kwanza ni pumzi yangu, mstari wa pili ni kipele. Ninakipima kwa futi ya Mama, ile ya kamba ya kupimia watu.

Sasa sikiliza Mjomba, hii nimeigundua mwenyewe. Siku za kawaida kinakuwa inchi mbili. Jumanne na Ijumaa, maji yakija na tangi la juu likijazwa, kinakuwa inchi tatu! Nimehakikisha siku zote mbili. Ijumaa nikashindwa kuvumilia, nikakichoma. Yametoka maji ya rangi ya chai, yananuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Nikapenyeza kidole ndani, kikatoka cheusi.

Swali langu ni hili. Maji yanajuaje kwamba ni Jumanne?

Wako mpwa, Kasuku

*

27 Machi

Kwa Kasuku peke yake.

Mpwa wangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, zaidi ya nilivyowahi kusoma barua yoyote. Wewe una macho kuliko mafundi wengi ninaowafahamu.

Jibu la swali lako ni rahisi. Tangi likijaa, maji yanasukuma kwa nguvu kwenye lile bomba lililopita ndani ya ukuta, na yakipata upenyo yanatoka. Lakini sasa nisikilize. Usikitoboe tena hicho kipele wala usipenyeze kidole. Usiweke shavu kwenye ukuta. Leo hii geuza mto, kichwa kiwe upande wa miguu, na mwambie Mama unataka dirisha lifunguliwe kwa sababu ya joto. Sema ni joto tu.

Siri yako ninaitunza. Mama mwambie nitamwandikia wiki ijayo, kazi zimenibana.

Mjomba wako

*

4 Aprili

Brashi,

Kasuku yuko wodini siku ya tatu. Alibanwa Jumanne, pampu haikufua dafu, Mwalimu akambeba mgongoni mpaka zahanati, na kutoka pale tukapelekwa hospitali kubwa. Sasa anapumua. Leo amemuuliza daktari maswali kumi na moja, kwa hiyo nimeweza kukaa na kuandika.

Nilipokuwa nakung'uta kitanda nitafute shuka safi, barua yako kwake ilianguka kutoka ndani ya foronya. Yeye hajakusaliti, usimlaumu. Nimesoma yako, kisha nikachukua daftari nikasoma mistari yake miwili. Nikavuta kabati lote mpaka katikati ya chumba.

Mtoto kwenye daftari hakutaja bomba. Mimi nimekaa hapa miaka miwili, sijui kuna bomba. Nimemwendea mwenye nyumba, ameapa kwa macho makavu kwamba ndani ya ukuta ule hakuna chochote, na kwamba unyevu ni wa nguo zangu ninazoanika ndani.

Wewe ulijuaje?

Dada

*

10 Aprili

Dada yangu,

Sina uso wa kukusalimu, kwa hiyo ninaanza na la muhimu. Mtoto akitoka hospitali asirudi chumbani humo, apelekwe kwa Mama. Fungua dirisha, vumbi la barabara ni afadhali mara mia. Ule ukuta usiukwangue mwenyewe, ile kuvu ikikwanguliwa kavu inaruka hewani na kuenea chumba kizima. Na mtu yeyote akija na ndoo ya rangi, mfukuze. Kuhusu cherehani, nyuzi zinaweza kumsumbua kidogo, lakini cherehani haikumlaza mtoto hospitali.

Sasa nakujibu. Nilijua kwa sababu nilikuwepo lilipotajwa.

Miaka miwili iliyopita mwenye nyumba aliniita nipake kile chumba. Kilikuwa kimekaa miezi minne bila mtu, mpangaji wa mwisho alikihama usiku. Ukuta wa upande wa Mwalimu ulikuwa mweusi wa kuvu kutoka chini mpaka usawa wa kiuno changu, ukiubonyeza kwa dole gumba plasta inamomonyoka. Palikuwa na fundi bomba, akaweka kiganja, akasema bomba la tangi linapita humo na limeoza, dawa yake ni kuvunja. Mwenye nyumba akasema kuvunja ni kazi ya mwakani, akanigeukia mimi. Nikapiga msasa, nikapaka dawa ya kuvu, nikaweka mikono mitatu ya rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Rangi ya maji ingeonyesha doa ndani ya wiki, ya mafuta inafunga. Ndiyo maana unang'aa.

Wiki ile ile tulikuwa tumemzika shemeji. Wewe ulikuwa kwa Mama na mabegi yako hujayafungua, unasema wateja wako wote wako mjini, na hakuna aliyetaka kumpangisha mjane mwenye mtoto. Nikamwomba mwenye nyumba kile chumba. Akanipa, na kwa bei ya chini, akasema fundi mzuri hasemi kilichoko chini ya rangi. Nikacheka naye, Dada. Nakumbuka nilicheka.

Nilijiambia nitarudi niutengeneze. Kisha nikajiambia umekauka. Sisi watu wa rangi tuna ugonjwa huo, tukishafunika tunaamini tumetengeneza. Uliponiandikia mara ya kwanza, ukuta ule ndio ulionijia kichwani kabla ya kitu kingine chochote, nami nikakutajia barabara. Halafu ukaniambia umemhamishia mtoto pale pale, kwa ushauri wangu, tena unanishukuru. Siku ile niliacha chakula kwenye sahani. Nilikuandikia barua nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana, mwishowe nikajificha nyuma ya mtoto wa miaka tisa na siri yake ya sindano.

Niliogopa ungejua ni mimi. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Nimemwomba msimamizi ruhusa nije, amekataa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kama ni kutoroka kazi, nitatoroka. Niambie tu.

Brashi

*

16 Aprili

Brashi,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama kwenye foleni ya dawa. Mara ya pili nilikaa chini sakafuni, watu wakadhani nimefiwa.

Nina hasira na wewe ambayo sijui niiweke wapi. Usiku nikigeuka naiona ile siku namgandamizia mtoto mto kwenye ukuta, naupapasa, namwambia huu ndio msafi, huu ameupaka Mjomba. Ungeniambia tangu mwanzo kwamba chumba kina ukuta mbovu, ningekichukua hivyo hivyo. Sikuwa na pa kwenda, unajua. Ningechukua na ukuta wake, na maji yake, na kuvu yake. Ningejua tu mtoto nimlaze wapi.

Ndugu yangu, umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka miwili, na mimi kila mwaka nakushonea shati. Kile kitambaa cha bluu nimekikata. Nimemshonea Kasuku foronya mbili.

Usije. Ukija utalia, nitalia, Mama atatulazimisha tushikane mikono, na ukuta utabaki vile vile. Nataka kitu kingine. Nimekwenda kwa bwana afya wa mtaa. Ni mtu msikivu, tena mdadisi, alifungua daftari la Kasuku akaisoma mistari yote miwili bila kuinua kichwa. Lakini mwenye nyumba anamwambia ni mvuke wa watu na nguo mbichi, na kwamba ukuta huo ulipakwa rangi na fundi mahiri aliyeukuta mkavu. Fundi mwenyewe ni wewe. Yule fundi bomba hajulikani alikohamia. Aliyebaki duniani anayejua kilichoko chini ya rangi, ukimwacha mwenye nyumba, ni wewe.

Kwa hiyo andika. Usiniandikie mimi, mimi umeshaniandikia. Andika barua inayoweza kusomwa mbele ya bwana afya, mwenye nyumba, Mwalimu na kila mpangaji wa korido hii. Weka sahihi yako. Najua mwenye nyumba ndiye aliyekuahidi kulipaka rangi jengo lake jipya ukimaliza huko, kazi ya mwaka mzima. Najua na mafundi watasemaje juu ya fundi anayefunua alichokifunika. Ndiyo maana sikulazimishi, nakuomba.

Kasuku yuko kwa Mama. Leo amepuliza mia mbili na thelathini, katikati ya kuku.

Dada yako

*

Tarehe 22 Aprili

Kwa Bwana Afya wa Mtaa
Nakala: Mwenye nyumba

Ndugu,

YAH: UKUTA WA CHUMBA CHA PILI, UPANDE WA MWALIMU

Mimi ni fundi rangi, na nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na minne. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ukuta huo niliupaka mimi. Niliukuta umelowa na umeota kuvu nyeusi kutoka sakafuni mpaka kiunoni. Fundi bomba alisema mbele yangu na mbele ya mwenye nyumba kwamba bomba la tangi ndani yake limeoza, na kwamba ukuta uvunjwe. Haukuvunjwa. Niliombwa niufunike nikaufunika, kwa mikono mitatu ya rangi ya mafuta, ili doa lisionekane. Sikulazimishwa na mtu. Baadaye nilimweka ndani yake dada yangu na mtoto wake, na sikuwaambia.

Anayetaka kuhakikisha akwangue inchi nne juu ya sakafu, hatua mbili kutoka kwenye kona ya mlango. Chini ya rangi nyeupe atakuta rangi ya kijani ya zamani, na chini ya kijani atakuta weusi. Bomba liko usawa wa goti.

Mtoto ana pumu, na nakubali kwamba pumu haikuletwa na mimi. Lakini nilijua ukuta ulivyo, nikamwacha alale nao.

Niko tayari kusimama mbele ya yeyote na kusema haya kwa mdomo.

Wenu,
Fundi rangi, anayeitwa Brashi
(sahihi)

*

15 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nina mengi na Mama amesema karatasi ni mbili tu, kwa hiyo nitaandika herufi ndogo.

Barua yako ilisomwa koridoni, Mama amenisimulia yote. Bwana afya aliisoma kwa sauti, watu wote walikuwepo, hata kinyozi alikuja na mteja aliyenyolewa nusu. Mwenye nyumba alisema huyo fundi ni mlevi. Mama akasema, "Huyo fundi ni mdogo wangu, na tangu azaliwe hajawahi kulewa." Basi bwana afya akapima hatua mbili kutoka kwenye kona ya mlango, akakwangua. Nyeupe, halafu kijani, halafu nyeusi, kama ulivyoandika! Mwalimu akatoka akaenda kumchukua mtoto wake, akamshika tu.

Walipovunja nilikuwa bado kwa Bibi kwa sababu ya vumbi, lakini nilimwomba Mwalimu aniwekee kipande cha bomba. Aliniwekea. Kina tundu unaloweza kupitisha penseli. Ndilo lililokuwa linajua Jumanne. Kipande nimekipeleka kwa muuguzi, akakivalia miwani, akaniomba akiweke mezani kwake awaonyeshe akina mama wengine waende wakatazame kuta zao.

Sasa nimerudi. Ukuta uko wazi, matofali matupu, hauna rangi hata kidogo, na bwana afya ameandika usiguswe mpaka ukauke kabisa. Ni mbaya sana kuutazama na Mama anaupenda. Anaugusa kila asubuhi kwa kiganja. Mimi nalala chini ya dirisha, magari ya karakana yananiamsha. Cherehani imerudi ndani, ila vitambaa Mama anavikatia uani, na wateja wanapimwa mlango ukiwa umefungwa. Pumu haijaondoka, muuguzi amesema tutaishi nayo na nisiiache pampu. Wiki iliyopita nilibanwa kidogo, ikapita. Leo nimepuliza mia mbili na arobaini na tano. Mstari wa pili wa daftari sasa hauna kitu cha kupima, inanisikitisha kidogo.

Dereva wa lori ametuambia mwenye nyumba amekunyang'anya lile jengo jipya. Nilimuuliza Mama kama umelia. Akasema hajui. Nikamuuliza kama amekusamehe, akasema nisome vitabu vyangu. Nikamuuliza tena, akasema bado. Nikamuuliza bado mpaka lini, akanitoa nje.

Lakini Mjomba, juzi kuna kitambaa cha kijani kilikuwa mezani. Si cha sare wala si cha gauni. Nikauliza cha nani, Mama akasema cha mteja. Nikauliza mteja gani, akasema mteja mmoja anayekaa mbali. Alikishika muda mrefu bila kukata. Kisha akaniambia, kama ninaandika barua, nikuulize kutoka bega mpaka bega ni inchi ngapi siku hizi.

Amesema usikadirie. Jipime kweli, na kama huna futi mwombe mtu akupime, halafu uandike namba ile ile utakayoiona.

Wako mpwa,
Kasuku